Wekundu wa Mkanda si Wekundu wa Udongo

Wasemao kwamba picha haisemi uongo hawajatazama filamu ya rangi iliyozeeka. Hivi majuzi nilitazama na wanafunzi nakala ya dijitali ya mkanda uliopigwa Kitui miaka mingi iliyopita. Vilima, miti na hata mavazi ya watu, vyote vilikuwa vyekundu. Mwanafunzi mmoja akakata shauri: “Kumbe nchi hii ilikuwa jangwa tangu zamani!”

La hasha. Mikanda mingi iliyotengenezwa kuanzia miaka ya 1950, kama ile ya Eastmancolor, ina tabaka tatu za rangi: manjano, majenta na saiani, yaani samawati inayokaribia kijani. Katika joto, ambalo Kitui na Makueni hazilikosi, kwa kawaida saiani ndiyo hufifia kwanza. Jani huwa kijani kwenye picha kwa mchanganyiko wa saiani na manjano. Saiani ikitoweka, mti hufanana na udongo.

Mashine ya kunakili, hata iwe bora vipi, huchukua kilichosalia tu. Fundi aweza kusawazisha rangi kwa kompyuta, lakini pale ilipokwisha kabisa hutia makisio yake. Wala kukuza picha hakuongezi habari. Picha moja ya mkanda wa Super 8, uliotolewa mwaka 1965, haifiki upana wa milimita 6. Ukiikuza kupita kiasi utaona chembechembe za mkanda, si majani zaidi.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti uliotumia, pamoja na ushahidi mwingine, picha za mwaka 1937 na za 1991 za mahali pale pale katika Machakos ya zamani, iliyojumuisha Makueni ya leo. Walionyesha jinsi wakulima walivyoiokoa ardhi kwa matuta na miti. Je, tungesema nini lau tungeihukumu ardhi kwa wekundu wa mkanda?

Sisi wa isimu twajua kwamba tafsiri haichukui nafasi ya matini asilia. Basi mwalimu mwenye mkanda wa kale asiutupe baada ya kuunakili. Auweke mahali pakavu penye ubaridi, aandike rangi zipi zimerekebishwa, kisha awaulize wazee waliokuwapo: mti ule ulikuwa na majani?