Thelathini elfu ya trafiki inatoka mfukoni mwa nani?

Desemba 2023 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini Tanzania, ilipopandisha nauli za daladala, safari isiyozidi kilomita 10 ilitoka shilingi 500 ikawa 600. Faini ya papo kwa papo kwa kosa moja la gari ni shilingi 30,000. Ukigawanya unapata abiria hamsini. Coaster yenye viti visivyofika thelathini lazima ijae, ishushe, kisha ikaribie kujaa tena ndipo kosa hilo moja lilipike. Waliopanda wakiwa wanafunzi wa nauli ya 200, wanahitajika watoto 150. Dereva wa Mbagala au Gongo la Mboto akiona sare nyeupe mbele ya barabara, hesabu hiyo inakuwa imeshapigwa kichwani kabla mguu haujafika kwenye breki.

Kila Wiki ya Nenda kwa Usalama tunasikia kwamba madereva hawawaheshimu trafiki, kwamba ni wakorofi na wanahitaji elimu. Elimu inahitajika, sina ubishi. Lakini ukikaa kijiweni na watu wa kazi hii utagundua kwamba sheria wanaijua vizuri, pengine kuliko wenye magari madogo. Trafiki kwao ni gharama, kama mafuta, kama pancha, kama mpiga debe wa kituoni. Mtazamo wao kwake unaeleweka ukianzia kwenye biashara yenyewe.

Biashara ya daladala inaendeshwa kwa hesabu. Mwenye gari anamkabidhi dereva gari alfajiri na kumpangia kiasi cha kurudisha jioni. Mafuta ni juu ya dereva. Konda anamlipa dereva. Kinachobaki baada ya hapo ndiyo riziki yao, na kisipobaki kitu wanalala hivyo hivyo. Tuchukue mfano wa hesabu ya 80,000 na mafuta ya 70,000: gari linatakiwa kuingiza 150,000 kabla dereva hajapata hata ya chai. Siku ya mvua, siku ya foleni ya Tazara, siku ambayo gari limeingia barabarani saa tatu kwa sababu ya betri, hesabu haishuki. Dereva akichoka anamwachia deiwaka, dereva wa kumshikia kwa muda, naye ana saa chache tu za kutafuta chake, kwa hiyo anakimbiza zaidi.

Matteo Rizzo, mtafiti aliyeufuatilia usafiri wa Dar es Salaam kwa miaka mingi na kutoa kitabu mwaka 2017, alionyesha kwamba walio wengi ndani ya daladala si wamiliki, hawana mikataba, na hasara ya siku inawaangukia wao. Sasa pitia makosa ambayo trafiki anayaandika kila siku mjini: kuzidisha abiria, kukatisha ruti, kutanua yaani kuikwepa foleni kwa kupita pembeni mwa barabara, kusimama pasipo kituo. Kila moja linaongeza mapato ya saa hiyo. Anayekatisha ruti anakwepa kipande chenye foleni ambacho hakina vichwa vya kutosha, na anayetanua amewahi kituo kabla ya mwenzake hajakisafisha. Mwenye gari hajamwagiza mtu kuvunja sheria. Ameweka tu kiasi ambacho siku mbaya hakifikiki bila kuivunja, na faini inapokuja, jina linaloandikwa si lake.

Hapo ndipo panapozaliwa kumalizana. Gari limesimamishwa. Konda anashuka mbio na leseni ya dereva mkononi, anazunguka nyuma ya gari upande ambao abiria hawaoni vizuri. Dereva habanduki kwenye usukani wala hazimi injini. Abiria waliochelewa kazini wanaanza kupiga mabati: twende! Hawamwambii trafiki atende haki. Wanamwambia konda amalize. Askari akifuata utaratibu, kosa linaingizwa kwenye mashine, inatoka karatasi yenye namba ya malipo, na dakika zinakatika huku daladala la nyuma likizoa abiria wa kituo kinachofuata. Kiasi chochote kilicho chini ya 30,000 na kinachopita haraka kina mvuto wake. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamhesabu mtoaji kuwa mkosaji sawa na mpokeaji, na madereva wanalijua hilo. Bado mwisho wa wiki, kwenye hesabu za wengi, kuna fungu la barabarani lisiloandikwa popote.

Dawa zinazotajwa kwa kawaida ni mbili: askari waongezwe mishahara au wapunguzwe barabarani. Zote zimejaribiwa kwingine, na matokeo yake yanapaswa kutushtua. Ghana ilipandisha mishahara ya polisi mwaka 2010, ikaongezeka mara mbili hivi. Watafiti Jeremy Foltz na Kweku Opoku-Agyemang walilinganisha malipo haramu waliyotoa madereva wa malori ya masafa marefu kabla na baada ya hapo. Polisi wa Ghana walizidi kubana na kiasi walichokusanya kikapanda. Katika jimbo la Aceh, Indonesia, Patrick Barron na Benjamin Olken waliweka watu ndani ya malori kwa safari 304 kati ya 2005 na 2006, wakaandika malipo haramu zaidi ya 6,000, yaliyofikia asilimia 13 hivi ya gharama ya safari. Wanajeshi na polisi wengi walipoondolewa jimboni na vizuizi kupungua, waliobaki walipandisha bei. Kwa jumla madereva walipata nafuu, ila ndogo kuliko idadi ya vizuizi vilivyoondoka.

Nasi tusimwangalie askari wa barabarani kana kwamba anasimama peke yake. Nchini Kenya, Tume ya Taifa ya Huduma ya Polisi ilipowahoji trafiki mwaka 2016 ilipekua miamala yao ya simu na kukuta fedha nyingi zinatoka kwa wadogo kwenda kwa wakubwa. Kinshasa, watafiti walikuta askari wa barabarani wamepangiwa idadi ya madereva wa kufikisha kituoni kila siku. Ukisoma hayo unaona kwamba askari naye anaweza kuwa na bosi wake na hesabu yake, na pale barabarani wanaokutana ni watu wawili wanaodaiwa. Hilo halimwondolei yeyote kati yao kosa. Linaeleza tu kwa nini kumhamisha askari mmoja baada ya video kusambaa hakubadilishi chochote kwenye barabara ile.

Mikoani malalamiko ni mengine, na huko jina kubwa ni tochi, kipima mwendo cha trafiki. Kutoka Chalinze kwenda Morogoro, Mikumi, Iringa hadi Makambako, basi linalotakiwa lisizidi kilomita 80 kwa saa linakutana na kibao cha 50 karibu kila penye makazi. Kibao kina sababu nzito: wanavuka watoto, wakulima wenye majembe, na bibi kizee asiyeweza kukimbia. Ila dereva analalamika kwamba kibao cha kumaliza 50 kimeanguka au kimewekwa mbali, na kwamba tochi inafichwa kichakani mteremkoni, mahali ambapo hapana nyumba hata moja. Picha inapigwa, inatumwa kwa WhatsApp kwa askari wa mbele, na basi linasimamishwa kilomita kadhaa baadaye. Madereva nao wana mtandao wao wa kuwashiana taa. Lori linalotoka mbele likikuwashia mara mbili, unashuka hadi 50. Ukishampita askari, unarudi palepale ulipokuwa.

Nadhani katika hili madereva wana nusu ya hoja. Tochi iliyofichwa porini inakusanya fedha, hailindi mtu. Ingewekwa wazi kwenye mlango wa shule ingepunguza mwendo wa kila gari bila kuandika karatasi nyingi, na dereva angeacha kuiona kama mtego. Lakini nusu nyingine ya hoja ni dhaifu: aliyepita kijijini kwa kilomita 90 anajua alichofanya, hata kama askari alikuwa amejificha.

Mgomo wa Aprili 10, 2015, uliosimamisha mabasi na daladala sehemu nyingi za nchi, unakumbukwa kwa abiria waliokwama Ubungo na mabomu ya machozi. Kilichowasha moto kilikuwa agizo la madereva kurudi darasani kila wanapohuisha leseni, kwa fedha zao wenyewe. Chini yake kulikuwa na faini na tochi, na chini zaidi kulikuwa na madai ya mikataba ya ajira. Mei waligoma tena. Mimi hilo la mikataba naliona ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo lililosahaulika mapema zaidi.

Bodaboda walipata nafuu yao kwa njia nyingine. Bajeti ya Juni 2021, iliyosomwa na Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, ilipunguza faini ya pikipiki na bajaji kutoka 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Kabla ya hapo kijana aliyembeba mtu mmoja alitozwa sawa na basi lenye abiria 60. Ulikuwa uamuzi wa haki: faini inayozidi mapato ya siku nzima hailipwi, na chombo kinaozea kituo cha polisi.

Kenya ilitangulia kwenye ukali. Kanuni za Waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 zilifunga vidhibiti mwendo kwenye matatu, zikaleta mikanda na sare, na kwa miezi kadhaa Nairobi ilionekana kama mji mwingine. Baadaye ukali ukapoa. Mwaka 2014 kanuni za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya huko, zikaenda kwenye mzizi na kutaka dereva wa gari la abiria awe na mkataba na mshahara wa mwezi. Hadi leo matatu nyingi bado zinakimbizia hesabu ya siku. Kanuni ikiandikwa bila mtu wa kukagua hati za mishahara, inabaki karatasi. Kilichofanya kazi vizuri Kenya kilikuwa rahisi ajabu: James Habyarimana na William Jack walibandika ndani ya matatu stika zinazomhimiza abiria apaze sauti dereva anapoendesha vibaya, na madai ya bima ya magari hayo yakashuka kwa nusu hadi theluthi mbili. Abiria wetu wanaopiga mabati wakisema twende wangeweza kusema punguza mwendo.

Huku kwetu dalili za njia nyingine zipo. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza Mei 2016 yanaendeshwa na watu wa mshahara. Yana matatizo yake mengi, lakini dereva wake hana sababu ya kutanua ili apate kula. Mabasi ya mikoani yana kifaa cha kufuatilia mwendo kinachopeleka taarifa LATRA, na kitufe kinachomtambulisha aliye kwenye usukani. Taarifa hizo hazijifichi kichakani, haziombi hongo, na zinamhusu mmiliki moja kwa moja, kwa sababu leseni ya usafirishaji ni yake. Kampuni inayoona basi lake limezidisha mwendo inaweza kumwita dereva ofisini siku hiyohiyo. Inaweza pia kujiuliza kama ratiba iliyompa inatimizika.

Daladala bado halijafikiwa na hayo. Faini isiyolipwa inalisubiri gari kwenye mfumo kwa namba ya usajili, na mwenye gari anapoikuta anaikata kwa dereva aliyepo, hata kama kosa lilikuwa la deiwaka wa wiki mbili zilizopita. Mzunguko huo unaweza kukatwa sehemu moja tu. Kosa la kuzidisha abiria, kukatisha ruti na mwendo kwenye gari la biashara liandikwe kwa mmiliki, na liwe marufuku kulihamishia kwenye mfuko wa dereva. Kisha mmiliki anapokwenda LATRA kuhuisha leseni, pamoja na bima na hati ya ukaguzi, dirisha limwombe mkataba wa dereva na taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ulilipwa. Wamiliki watasema nauli haitoshi kulipa mshahara. Ikiwa ni kweli, walete vitabu vyao LATRA wakati wa kupanga nauli na ukweli huo uonekane kwa tarakimu. Kwa sasa pengo hilo linazibwa na dereva, konda, na askari aliyesimama kituo kinachofuata.