Je, Wajua? Unene wa Karatasi Humkosesha Mwindaji

Karatasi ya daftari ina unene wa takribani sehemu moja ya kumi ya milimita. Ichomeke chini ya pete moja kati ya mbili zinazoshika darubini ya bunduki, pete zikiwa zimeachana sentimita 10, na risasi iliyokuwa ikipiga katikati ya shabaha umbali wa mita 100 sasa itapita sentimita 10 juu au chini. Kwa mita 200, kosa linafika sentimita 20. Kwa swala, hapo umemkosa kabisa au, mbaya zaidi, umemvunja mguu akakimbilia vichakani.

Hesabu hiyo ndogo inatosha kueleza kwa nini kishikilio cha darubini si kitu cha kuokota dukani dakika ya mwisho. Lakini ndivyo wengi wanavyofanya. Mtu hununua raifoli ya bolti kwa fedha nyingi, akaongeza darubini ya Ujerumani au Austria kwa fedha nyingi vilevile, halafu akifika kwenye vile vipande vya chuma vya kuunganisha viwili hivyo anaanza kuomba apunguziwe. Wauza bunduki wanamjua sana mteja huyo.

Tuchukue risasi ya .375 H&H Magnum, iliyotolewa na kampuni ya Holland & Holland ya London mwaka 1912, ambayo kwa nchi nyingi za Afrika ndiyo huhesabiwa kiwango cha chini cha kumwendea nyati. Kichwa chake cha gramu 19.4 hutoka mtutuni kwa kasi ya takribani mita 770 kwa sekunde. Safari ya ndani ya mtutu huchukua milisekunde moja na nusu hivi, na katika muda huo huo bunduki nzima, yenye kilo nne na nusu, inarushwa nyuma kwa kasi inayopita mita 3 kwa sekunde. Darubini ya gramu 450 iliyo juu yake haijui lolote kuhusu baruti. Yenyewe ilitaka kubaki palepale ilipokuwa. Kinachoilazimisha irudi nyuma pamoja na bunduki ni kishikilio peke yake, kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 100. Huo ni wastani tu, kilele chake ni kikubwa zaidi.

Ndiyo maana darubini iliyofungwa ovyo haisogei nyuma, kama mtu angedhani baada ya kupigwa teke begani. Husogea mbele, unywele kwa unywele, risasi baada ya risasi, na mwenye bunduki hubaki kulaumu baruti.

Tatizo jingine lina mizizi ya zamani. Paul Mauser wa Oberndorf, Ujerumani, alipokamilisha bunduki iliyopokelewa na jeshi la nchi yake mwaka 1898, hakuwa akiifikiria darubini hata kidogo. Mkono wa bolti ulichomoza pembeni, na ukiinuliwa ulisimama wima pale ambapo darubini ingelala. Kitufe cha usalama kilikaa nyuma ya bolti na kilipita juu kwa juu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, mahali hapohapo. Risasi tano ziliingizwa kwa mkupuo kutoka juu, zikisukumwa kwa kidole gumba kutoka kwenye kibati chake. Ukishaweka darubini mlango huo umefungwa, na inabidi uzitie moja moja. Mtambo huo wa Mauser ndio uliokuja kuwa mama wa bunduki nyingi za uwindaji duniani. Mafundi waliutumia, kisha wakatumia miaka mingi kuukunja mkono wa bolti, kubadilisha kitufe cha usalama na kutafuta namna ya kuupachika mwili wa kioo juu ya chuma ambacho hakikutengewa nafasi hiyo.

Kusema kweli, wengine hawakuona haja. Mskoti Walter Bell aliwinda ndovu Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20 kwa raifoli ndogo ya Rigby ya .275 yenye mtambo wa Mauser, akilenga kwa macho yake tu. Lakini si kila mtu ana macho ya Bell, wala mikono yake.

Jibu la Wajerumani lilitoka mji wa Suhl: kishikilio cha makucha. Miguu ya mbele ya darubini hunasa kwenye mifuo iliyochongwa juu ya mtambo, kisha ya nyuma hushushwa mpaka ibane kwa sauti kavu ya chuma. Fundi huichonga kwa tupa, akiijaribu tena na tena mpaka igusane sawasawa pande zote, na kikishamalizika ni cha bunduki hiyo moja tu. Ni kitu kizuri mno, na gharama yake ni ya kazi ya mikono. Ukinunua bunduki kuukuu yenye makucha, uwe macho: darubini nyingi za zamani za Kijerumani zina bomba la milimita 26, wakati pete za kawaida ni za milimita 25.4 au 30. Pete ya 25.4 kwenye bomba la 26 huliminya, na bomba likishaminywa limekwisha.

Wamarekani walikwenda njia ya kiwandani. William Weaver, aliyeanza kutengeneza darubini za bei nafuu mwaka 1930, aliacha nyuma mfumo unaobeba jina lake hadi leo: msingi wenye mfuo wa kukingama, na pete yenye bolti inayoingia ndani ya mfuo huo. Jeshi la Marekani liliuchukua mtindo huo likauwekea vipimo rasmi mwaka 1995, ndiyo reli ya Picatinny. Mfuo wa Picatinny una upana wa milimita 5.23, na wa Weaver 4.57. Kwa hiyo pete ya Weaver kwa kawaida huingia kwenye Picatinny, lakini ya Picatinny kwenye Weaver hukwama. Kampuni za Ruger na CZ zilikata mzizi wa fitina kwa kuchonga msingi kwenye chuma chenyewe cha mtambo. Hakuna skrubu za msingi za kulegea. Kama bunduki yako ni ya aina hiyo, nusu ya maswali yako yamekwisha.

Sasa urefu wa pete. Watu hupenda darubini yenye kioo kikubwa cha mbele, milimita 50 au 56, kwa sababu hukusanya mwanga jioni. Ulaya wanamvizia nguruwe mwitu usiku, wana haki nayo. Lakini kioo kikubwa kinahitaji pete ndefu, na pete ndefu huinua jicho mpaka shavu linaachana na kitako cha bunduki. Shavu likielea, kila mara jicho linakaa mahali tofauti. Darubini yenye mdomo wa milimita 24 hulala chini kabisa, kitovu chake kikiwa kama sentimita 4 tu juu ya mtutu, na bunduki ikipandishwa begani jicho linajikuta liko mahali pake. Angalia pia nafasi ya nyuma: kati ya jicho na kioo kunahitajika sentimita 9 hivi. Mitambo mirefu ya risasi kubwa huacha pengo pana kati ya pete, na darubini fupi haipati nafasi ya kusogezwa mbele vya kutosha. Matokeo yake huonekana kwenye paji la uso: kovu la nusu duara juu ya nyusi.

Halafu kuna swali la kufunga moja kwa moja au kuweka kinachotoka. Tanzania bado inaruhusu uwindaji wa kitalii kwa leseni, tofauti na Kenya iliyoupiga marufuku mwaka 1977, na ni huko porini ndiko jibu linakojitokeza. Nyati aliyejeruhiwa huingia kwenye kichaka kizito, na mwindaji bingwa hana budi kumfuata. Hapo darubini iliyoachwa kwenye ukuzaji wa mara sita ni balaa: kioo kizima kinajaa weusi wa manyoya, hujui kama ni bega au tumbo. Siku hizi zipo za kuanzia mara 1, na zimepunguza hoja hiyo, ila kioo kinaweza kuingiwa na maji au kupasuka bunduki ikianguka kutoka garini. Kwa .375 na zaidi, mimi ningechagua kishikilio cha chuma cha pua au cha kawaida, si cha alumini, chenye wenzo wa kufungulia kwa kidole, na vilengeo vya chuma vikiwa tayari chini yake. Kwa bunduki ya swala, wenzo ni mzigo wa bure. Pete za kudumu zinatosha.

Wakati wa kufunga, futa mafuta yote kwenye matundu ya skrubu kwa spiriti. Skrubu za msingi mara nyingi zina kipenyo cha milimita 3.5 tu, weka tone moja la gundi ya nyuzi, si mawili. Kabla ya kukaza pete kwenye reli, isukume mbele mpaka iguse ukingo wa mfuo, kwa kuwa huko ndiko teke litakakoipeleka. Kaza vifuniko vya pete kwa bisibisi yenye kipimo, mara nyingi kama niutoni-mita 2, ukipokezana upande huu na ule ili mianya ya pande mbili ibaki sawa.

Kisha nenda uwanja wa shabaha. Kama kishikilio chako ni cha kutoka, piga tatu, toa darubini, irudishe, piga tatu tena kwenye karatasi ileile. Matangazo yote hudai kwamba kishikilio kinarudi palepale. Karatasi ndiyo itakayokuonyesha. Matundu yakihama, kirudishe dukani risiti ikiwa bado inasomeka.