Uwanja wa Wagalu na Wagika

Kila mwanafunzi aujua uwanja wa mpira. Una mistari ya chokaa, una miti ya goli, na mwamuzi mwenye filimbi ndiye asemaye nani amekosa na nani amefunga. Mchezo huo ulifika pwani ya Afrika ya Mashariki katika karne ya 19, nao vijana wa chuo cha Kiungani, kisiwani Unguja, walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuucheza. Lakini katika nchi ya Wasukuma, tangu karne hiyo hiyo, uko uwanja wa namna nyingine. Hauna mistari wala miti ya goli, wala hakuna apulizaye filimbi. Walakini pande mbili hukutana hapo na kushindana kwa nguvu zao zote, na jioni kila mtu ajua nani ameshinda. Huo ni uwanja wa ngoma.

Nchi hiyo iko kusini na mashariki ya ziwa Viktoria. Upande wake wa mashariki ni mkoa wa Simiyu, uliowekwa mwaka 2012, na mji wake mkuu ni Bariadi. Zamani pande za Bariadi ziliitwa Ntuzu, na wenyeji wake mpaka leo huitwa Wanyantuzu. Ni wakulima wa pamba, mahindi na mtama, tena ni wafugaji wa ng'ombe. Wakati wa mvua hakuna nafasi ya kucheza. Jembe halimpi mtu ruhusa. Lakini mavuno yakiisha kuingia ghalani, tangu mwezi wa Juni hata Agosti, nchi hukauka, njia hupitika, chakula kipo, na ngoma huanza kulia.

Wachezaji wote wamegawanyika pande mbili, Wagalu na Wagika. Wasukuma wenyewe husema Bagalu na Bagika. Wazee husimulia kwamba katikati ya karne ya 19 walikuwako waganga wawili, nao walikuwa wachezaji hodari pia. Mmoja aliitwa Gumha, na wa pili Ngika. Kila mmoja alijisifu kwamba dawa yake ina nguvu kupita ya mwenziwe. Ubishi wao haukuweza kwisha kwa maneno, basi wakaamua kuumaliza kwa ngoma: kila mmoja acheze na watu wake, siku moja, mahali pamoja, ionekane watazamaji watamwendea nani. Wafuasi wa Gumha ndio Wagalu, na wafuasi wa Ngika ndio Wagika. Waganga wale walikufa zamani sana, lakini ubishi wao haujakwisha.

Sasa sikia jinsi mashindano yanavyokwenda. Vikundi viwili huja uwanjani, kimoja cha Wagalu, kimoja cha Wagika. Hawachezi kwa zamu, huyu acheze na huyu angoje. Wote huanza kwa wakati mmoja, kila kikundi upande wake, na mlio wa ngoma za huku hugongana na mlio wa ngoma za kule hata sikio lisijue lishike upi. Je, watazamaji husimama wapi? Hapo ndipo penye siri ya mchezo. Hawakai mahali pamoja. Kila mtu huenda anakopendezwa. Kikundi kimoja kikifanya jambo la ajabu, watu wa upande wa pili husikia vicheko na vigelegele, hugeuza shingo, kisha mmoja huondoka, na wa pili humfuata, na mara kundi zima hukimbia kwenda kutazama, vumbi likitimka. Walioachwa hucheza mbele ya watoto wachache, na bila shaka huona uchungu. Lakini nao wana jambo lao walilolificha. Wakilitoa, watu hurudi mbio. Hivyo umati huenda na kurudi kama maji katika beseni linalotikiswa. Upande wenye watu wengi zaidi ndio ulioshinda. Mwamuzi ni miguu ya watazamaji. Hebu fikiri mpira ungekuwaje kama mabao yangehesabiwa namna hiyo!

Kwa sababu hii kila kikundi hutafuta la kuwavuta watu. Wakulima hucheza bugobogobo, ngoma iliyozaliwa shambani, ambako vijana hulima kwa safu huku ngoma ikipigwa, ili majembe yao yashuke pamoja. Uwanjani majembe yale yale huzungushwa na kurushwa juu, kisha hudakwa. Wengine hucheza bununguli, ngoma ya chama cha wawindaji wa nungu, mnyama yule mwenye miiba aharibuye mashamba. Tena wako Wayeye, mafundi wa nyoka, ambao hutoka na chatu na kumviringisha mwilini. Hao huvuta watu kwa haraka sana, ingawa waliovutwa husimama mbali kidogo. Vikundi vingine huwa na sanamu za mti zenye viungo vinavyochezeshwa. Huinuliwa ghafula umati unapoanza kupungua.

Kiongozi wa wimbo huitwa ningi. Yeye hutunga nyimbo zake, akiwasifu watu wake na kuwadhihaki wapinzani, nao wapinzani husikia kila neno, maana wako karibu. Jina lake ndilo lililo hatarini siku hiyo. Ningi aliyeachwa na watu, habari zake humtangulia nyumbani. Viongozi wengi wametumia dawa, wakiamini kwamba huvuta umati kama ilivyokuwa kwa Gumha na Ngika. Hata hivyo ni vigumu kuona dawa itamfaaje mtu ambaye jembe humponyoka mkononi mbele ya watu.

Uwanja mmoja umepata sifa kuliko nyingine. Uko Bujora, karibu na Kisesa, mkoani Mwanza. Huko padri David Clement, aliyetoka Kanada, aliweka nyumba ya kuhifadhi vitu vya mila za Wasukuma, na kila mwezi wa Juni hufanyika sikukuu ya Bulabo, yenye mashindano ya ngoma. Lakini viwanja vingi havina jina wala jengo. Ni mahali patupu tu penye miti ya kivuli, na siku iliyotangulia ng'ombe walikuwa wakilisha hapo hapo.

Jua likishuka, vumbi hutulia. Washindi huimba njia nzima mpaka kwao. Walioshindwa huchukua ngoma zao begani na kwenda kimya. Kisha, kabla ya kufika kijijini, sauti ya ningi wao husikika polepole gizani, akijaribu maneno ya wimbo wa kujibu.