Kifundo hakiungwi kwa kukandwa

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa Hisabati katika shule ya upili, siku hizi hufundisha akiwa ameketi. Yeyote aliyewahi kushika chaki anajua uzito wa maneno hayo. Mwalimu wa Hisabati ni mtu wa kusimama: ubaoni, baina ya madawati, nyuma ya mwanafunzi anayenakili kosa la mwenzake. Mwaka uliopita, aliposhuka kwenye matatu jioni moja, pikipiki ilimwangusha na mguu wake wa kulia ukasokoteka chini ya chuma. Kifundo kilifura papo hapo. Wasamaria wema walimpakia juu ya bodaboda nyingine, mguu ukining'inia, wakamfikisha nyumbani. Huko aliambiwa kwamba ameteguka tu. Akaitiwa mkandaji, akakandwa kwa maji moto na mafuta kwa majuma saba.

Hatimaye alipofika kwa daktari wa mifupa, picha ya eksirei ilionyesha kwamba mifupa ilikuwa imekwisha kushikana, ila imeshikana kombo. "Mwalimu," daktari alimwambia, "ungalikuja juma la kwanza, kazi yetu ingalikuwa nyepesi."

Kwa nini kombo ndogo katika kiungo kidogo namna hii iwe balaa? Mtazame seremala anapounga mguu wa meza. Huchonga ulimi, akachonga na tundu la kuupokea, na viwili hivyo vikipishana kwa unywele mmoja meza hutikisika. Kifundo kimeundwa vivyo hivyo. Muundi kwa upande wa ndani, na mfupa mwembamba ulio sambamba nao kwa upande wa nje, hufanya tundu. Ndani yake huingia mfupa mdogo unaokaa juu ya kisigino. Mnamo 1976 watafiti wawili, Ramsey na Hamilton, walionyesha kwamba mfupa huo mdogo ukisogea upande kwa milimita 1 tu, eneo la mgusano katika kiungo hupungua kwa asilimia 42. Uzito wote wa mwili basi huangukia pahali padogo, gegedu linalofunika mifupa husagika, na maumivu ya ukongwe humfikia mtu kabla ya ukongwe wenyewe.

Ndiyo maana daktari wa upasuaji haridhiki na mfupa ulioshikana tu. Anataka urudi mahali pake hasa. Kwanza huurejesha mfupa wa nje kwenye urefu wake wa asili, akaufunga kwa bamba la chuma na skrubu. Kinundu cha ndani nacho hukazwa kwa skrubu zake. Iwapo kano zinazofunganisha mifupa hiyo miwili zimekatika, skrubu nyingine hupitishwa toka mfupa hadi mfupa ili kuizuia isiachane. Pale ambapo mifupa imepondekapondeka, vyuma huchomekwa juu na chini ya kifundo na kuunganishwa nje ya ngozi, mpaka nyama zitulie. Nao uvimbe una sheria yake. Kifundo kilichofura sana hakipasuliwi mara moja, kwa kuwa ngozi ya hapo ni nyembamba na huenda isifungike tena. Daktari hungoja mpaka ngozi ianze kukunjamana, hata ikiwa ni juma moja au mawili. Jamaa wa mgonjwa, wasipoelezwa jambo hili, hudhani wametelekezwa, wakamrudisha mgonjwa wao kwa mkandaji.

Ujuzi huu haukushuka kutoka mbinguni. Agosti 1865, mjini Glasgow, Joseph Lister alimpokea mvulana wa miaka 11 aliyekanyagwa na gurudumu la gari la kukokotwa, mfupa wa mguu ukiwa umetoboa ngozi. Enzi hizo jeraha la aina hiyo aghalabu lilimaanisha kukatwa mguu, ama kufa kwa usaha. Lister alilifunga kwa kitambaa kilicholowa asidi ya kaboliki, na baada ya majuma sita mtoto alikuwa amepona. Kisha mnamo 1958 madaktari wa Uswisi, Maurice Müller akiwa mmoja wao, waliunda kundi la kuchunguza na kufundisha namna ya kuunga mifupa kwa mabamba na skrubu, ili mgonjwa aanze kukichezesha kiungo mapema badala ya kukifungia ndani ya plasta mpaka kikakamae.

Tusimcheke mwunga mifupa wa kijijini. Yuko karibu, bei yake inajulikana, na anayo subira ambayo foleni zetu za hospitali hazina. Mfupa uliovunjika katikati bila kuhama huenda ukapona mikononi mwake. Kifundo ni kiungo, si gongo. Kukikanda kilichovunjika ni kuzidi kuisogeza ile milimita moja. Lawama yangu kubwa naielekeza kwingine. Mgonjwa anayefika hospitalini akaambiwa akanunue bamba na skrubu kwanza, ilhali hana hata nauli ya kurudi nyumbani, tumtazamie aende wapi? Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua mahali pa NHIF, na mijadala kuhusu makato ikajaa kila mahali. Mfupa haungoji mijadala. Kila juma linalopita huugeuza upasuaji mwepesi kuwa mgumu, na mgumu ni ghali zaidi kwa mgonjwa na kwa taifa.

Nasi walimu je? Shuleni vifundo huumia kila muhula, uwanjani na njiani, na dawa yetu ni kumwambia mtoto ajikaze. Tangu 1992 ipo kanuni iliyobuniwa Ottawa, Kanada, ambayo haihitaji chombo chochote. Mwenye maumivu ya kifundo apigwe picha ya eksirei ikiwa hawezi kutembea hatua nne, au ikiwa anaumia unapobonyeza ukingo wa nyuma au ncha ya vinundu viwili vya kifundo. Nimeingia katika ofisi nyingi za walimu na kukuta sanduku la huduma ya kwanza lina pamba, mkasi wenye kutu na dawa ya kuchua. Sikumbuki kuona kanuni hii imebandikwa ukutani.

Suala la kumbeba majeruhi pia ni la zamani. Mnamo 1756 daktari wa London, Percivall Pott, aliangushwa na farasi akavunjika mguu vibaya. Alikataa kuinuliwa ovyo. Akangoja barabarani kwenye baridi mpaka ukanunuliwa mlango, ukapigiliwa miti, akabebwa juu yake hadi nyumbani, na mguu wake ukanusurika. Baadaye jina lake lilipewa mvunjiko wa kifundo alioueleza vitabuni, ingawa wengi hukosea wakidhani ndio uliompata yeye. Ubao upo katika kila shule. Ukikosekana, mguu na ufungwe kwa kadibodi na leso usichezecheze. Penye jeraha lililotoboka, mtoto awahishwe hospitalini saa hiyo hiyo apate dawa za kuua vijidudu.

Rafiki yangu alipasuliwa mwezi wa tatu baada ya ajali. Mfupa wa nje ulikatwa upya, ukavutwa kufikia urefu wake, pengo likajazwa kwa kipande cha mfupa kilichotolewa nyongani, kisha ukafungwa bamba. Kwa majuma mengi hakuruhusiwa kukanyaga chini. Sasa anatembea kwa gongo moja na anafanya mazoezi ya viungo kila asubuhi kabla ya gwaride. Daktari amemweleza waziwazi kwamba gegedu limekwisha kuliwa upande mmoja, na maumivu yakizidi itabidi mifupa ya kifundo iunganishwe kabisa, asiweze kukikunja tena. Juma lililopita alijaribu kusimama ubaoni kipindi kizima. Alifika dakika ya 25, akavuta kiti.