Pikapu ya Kilomita 300,000: Odomita Haisemi Yote

Kabla jua halijachomoza, pikapu huwa zimeshatoka soko la Wakulima na magunia ya kabeji na viazi, zikapanda Barabara ya Ngong na kukata kulia pale Dagoretti Corner kuelekea Kawangware. Zile za Kibera huwa zimekata kabla ya hapo, kuingia Toi na Makina. Mchana zizo hizo hubeba simenti, mabati, mitungi ya gesi na vyombo vya mtu anayehama nyumba. Wenye pikapu wengi walizinunua zikiwa zimetumika, kwa pesa za chama au mkopo wa sacco, na injini ikifa katikati ya mwezi marejesho ya mkopo hayasubiri fundi.

Swali la kwanza la mnunuzi huwa ni moja: imetembea kilomita ngapi? Ni swali zuri, lakini jibu lake lina maana ndogo kuliko wengi wanavyodhani.

Magari madogo mengi yanayouzwa Nairobi yakiwa yametumika hutoka Japani, na kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu litengenezwe. Kwa pikapu mambo ni tofauti. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na kuirudisha sokoni mwaka 2017, kwa hivyo kwa miaka mingi hapakuwa na Hilux changa za kuagizwa kutoka huko. Isuzu nazo huunganishwa hapa hapa Nairobi. Ndiyo maana pikapu nyingi zilizo sokoni zilianza kazi zikiwa mpya nchini, kwa kampuni, shirika au ofisi ya serikali, zikapigwa mnada baada ya miaka kadhaa. Kilomita 250,000 au 300,000 si jambo la ajabu kwa gari kama hilo, na peke yake si sababu ya kulikataa.

Kinachochakaza injini zaidi ni saa inazonguruma na mzigo inaovuta. Chukua mfano. Pikapu ya barabara kuu inayokwenda kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa humaliza kilomita 5,000 kwa saa 83 hivi. Pikapu ya mtaani, inayokwama kwenye msongamano, inayosimama kila duka na kuachwa ikinguruma wakati wa kushusha mizigo, ikiwa na wastani wa kilomita 10 kwa saa, huhitaji saa 500 kumaliza kilomita zizo hizo. Dereva anayebadilisha oili kila kilomita 5,000 kwa sababu aliambiwa hivyo na mwenzake wa safari za Mombasa anaitumia oili hiyo mara sita zaidi. Kwa kazi za mtaani ni afadhali kuhesabu miezi kuliko kilomita. Vumbi la kiangazi nalo huziba filta ya hewa mapema, na filta ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na injini.

Mfano wa upande wa pili unatoka Marekani. Victor Sheppard, mkazi wa Louisiana, aliendesha pikapu yake ya Toyota Tundra ya mwaka 2007 hadi ikafikisha maili milioni moja mwaka 2016, yaani kilomita zaidi ya milioni 1.6, na injini ilikuwa ile ile ya kiwandani. Kilomita zake nyingi zilikuwa za barabara kuu, na gari halikukosa huduma yake ya kawaida.

Huku kwetu, mzigo ndio adui mkubwa. Pikapu ya kawaida ya kabati moja imeundwa kubeba tani moja hivi. Ikipakiwa mifuko 40 ya simenti ya kilo 50, hizo ni tani mbili. Haitavunjika siku hiyo. Springi zitalala, beringi za nyuma zitaanza kuvuma, klachi itanuka mlimani, na chesisi itapata nyufa ndogo ambazo rangi mpya huficha vizuri sana. Breki nazo huchoka. Katika barabara ambamo watoto, mikokoteni na bodaboda hupita ubavuni mwa gari, breki inayochelewa haimhusu mwenye gari peke yake.

Anayenunua atazame vitu ambavyo muuzaji hawezi kuvibadilisha kwa urahisi. Odomita ya kidijitali hurudishwa nyuma kwa dakika chache, lakini mpira wa pedeli ulioisha, usukani uliong'aa na kiti kilichobonyea havikubaliani na kilomita 90,000. Gari liwashwe asubuhi injini ikiwa baridi. Rejeta ifunguliwe kabla ya kuwasha: maji yenye mafuta mafuta juu yake yanaashiria kwamba gasketi ya injini huenda imepita. Fundi alale chini na tochi aikague chesisi. Aulize pia mkanda wa taiming ulibadilishwa lini, kwa injini zinazoutumia. Kutegemea aina, muda wake huwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000, na ukikatika gari likiwa mwendoni unaweza kuharibu injini nzima. Kama hakuna risiti, mnunuzi ahesabu kwamba haukubadilishwa, na apunguze bei kwa kiasi hicho.

Rekodi ya gari hupatikana kwa NTSA kupitia mtandao, na inaonyesha mmiliki halali na kama benki ina dai juu ya gari hilo. Magari ya biashara yanatakiwa pia kukaguliwa kila mwaka. Vipuri vya Hilux na Isuzu havikosi Grogan, kwenye Barabara ya Kirinyaga, ila mnunuzi aende na kile kilichoharibika mkononi, kwa kuwa vipuri vinavyofanana kwa macho si lazima vifanane kwa kipimo.

Na oili iliyotolewa isimwagwe mtaroni. Mitaro mingi ya Kibera huteremka hadi mto Ngong na kuishia Nairobi Dam. Ihifadhiwe kwenye mtungi uliofungwa hadi ikabidhiwe mkusanyaji mwenye leseni.