Historia ya Ukoo ni Hati ya Ardhi

Nje kidogo ya mji wetu wa Morogoro, pale Mazimbu, yapo makaburi ya ndugu zetu wa Afrika Kusini waliofia uhamishoni. Ardhi ile ilikuwa shamba la mkonge lililoachwa. Mwaka 1977 Serikali yetu iliwapa wapigania uhuru wa ANC, nao wakajenga shule yao juu yake. Shule hiyo ilipewa jina la kijana Solomon Mahlangu, aliyenyongwa na serikali ya Makaburu tarehe 6 Aprili, 1979, akiwa na umri wa miaka 22.

Tarehe hiyo si ngeni katika historia ya nchi ile. Ilikuwa tarehe 6 Aprili, 1652, Jan van Riebeeck alipotia nanga katika Rasi ya Tumaini Jema kwa amri ya Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki. Baina ya tarehe hizo mbili imepita miaka 327, na ndani yake mna habari za koo nyingi, zilizopata na zilizopokonywa. Habari hizo ndizo tunazotaka kuzitafakari leo.

Masimulizi ya koo zinazosemwa kuwa ndizo zilizoijenga Afrika Kusini yana wasomaji wengi duniani. Mwaka 1980 mwandishi wa Marekani, James Michener, alitoa riwaya nene iitwayo The Covenant, inayofuata koo tatu kizazi baada ya kizazi: Van Doorn wa Kiholanzi, Saltwood wa Kiingereza na Nxumalo wa Kiafrika. Mtunzi ana uhuru wa kuzigawia koo zake kurasa kadiri apendavyo. Historia haikuzigawia ardhi hivyo. Kwa hiyo kila tusikiapo kwamba ukoo fulani uliijenga nchi, ni wajibu wetu kuuliza: uliijenga juu ya ardhi ya nani, na kwa jasho la nani?

Majibu yapo katika kumbukumbu za walowezi wenyewe. Mwaka 1657 watumishi tisa wa Kampuni waliachiliwa na kupewa mashamba kando ya mto Liesbeek, katika malisho ya Wakhoikhoi. Mwaka uliofuata yaliletwa majahazi ya watumwa kutoka Angola na Afrika Magharibi. Mwaka 1659 Wakhoikhoi walishika silaha. Walipoketi kufanya suluhu mwaka 1660 walidai ardhi yao, na van Riebeeck aliandika katika shajara yake kwamba waliambiwa imekwisha kupotea kwa vita. Kisha akaamuru upandwe uzio wa milozi mwitu kuwatenga wenyeji na mashamba ya wageni. Mabaki ya uzio huo yanaonekana hadi leo katika bustani ya Kirstenbosch, mjini Cape Town.

Tangu hapo ukoo mmoja ulirithisha shamba na hati, na mwingine ukarithisha utumishi. Dhuluma hiyo ilikamilishwa kwa sheria. Sheria ya Ardhi ya Wenyeji ya 1913 iliwaachia Waafrika, waliokuwa wengi kupita wote, kiasi cha asilimia 7 tu ya nchi yao. Mwaka 1936 kiasi hicho kiliongezwa kufikia asilimia 13 hivi. Mwandishi mzalendo Sol Plaatje alizunguka kuyaona maafa hayo kwa macho yake, akayaandika katika kitabu alichokitoa mwaka 1916. Humo ameeleza habari za familia moja iliyofukuzwa shambani na kufiwa na mtoto njiani. Wazazi hawakuwa na haki ya kuchimba kaburi mahali popote, wakamzika mtoto wao usiku, kwa kuiba, katika ardhi ya mtu mwingine. Sisi tuliofundishwa tangu utotoni kwamba maiti ana haki zake, tunauona hapo upeo wa unyama.

Ubaguzi wa rangi uliondolewa mwaka 1994, na mwaka huo huo Bunge jipya lilitunga sheria ya kurudisha ardhi. Sheria hiyo inawahusu waliopokonywa baada ya tarehe 19 Juni, 1913. Waliopokonywa kabla ya hapo, wakiwamo Wakhoikhoi, hawakupata mlango wa kudai. Ukaguzi wa serikali wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika mashamba yanayomilikiwa na watu binafsi, asilimia 72 yalikuwa bado mikononi mwa Wazungu. Safari, basi, ingali ndefu.

Hata hivyo, sheria hiyo ina jambo moja kubwa: mahakama inaruhusiwa kupokea ushahidi wa masimulizi kuhusu jinsi watu walivyonyang'anywa ardhi. Maneno ya bibi kizee aliyehadithiwa na mamaye mahali zizi lao liliposimama yana nafasi mbele ya hakimu. Ukoo uliohifadhi habari zake umepata silaha. Uliosahau umesimama mikono mitupu.

Funzo hilo linatuhusu hapa kwetu pia. Mashamba ya mkonge ya mkoa huu yalifyekwa na kulimwa na manamba walioletwa kutoka mbali, na wajukuu wao tunaishi nao. Majina ya wenye makampuni yamo katika vitabu. Majina ya manamba yamo vifuani mwa wazee, na wazee hao wanapungua kila mwaka.

Tunatoa wito kwa walimu, vijana na viongozi wa vijiji: waendeeni wazee, andikeni majina, mahali na miaka, na nakala ziwekwe shuleni na katika ofisi za vijiji. Kazi hiyo haihitaji fedha za wafadhili. Yataka daftari, kalamu na adabu ya kusikiliza. Tusipoifanya sisi, wengine wataandika kwamba waliikuta nchi tupu.