Mundu Mue, Muoi na Aliyeokoka

Miongoni mwa tabia za akili ya binadamu ambazo wanasaikolojia wamezichunguza kwa muda mrefu ni ile ya kuwagawa watu mafungu mawili tu, wema na wabaya, waumini na makafiri, walio wetu na wasio wetu, kisha kumhukumu kila mtu kwa fungu alilotiwa badala ya matendo yake. Na tabia hiyo, ambayo katika makala haya itaitwa fikra za pande mbili, ndiyo adui wa kwanza wa uvumilivu. Uvumilivu nao hauna budi kuelezwa mapema, kwa kuwa wengi hudhani kwamba ni kukubaliana na kila jambo. Anayekubaliana na jirani yake hana la kumvumilia. Uvumilivu huanza pale ambapo mtu anaamini kwa dhati kwamba mwenzake amekosea, ana uwezo wa kumzuia au kumsumbua, na bado anamwacha aishi anavyoishi.

Kitui na Makueni, kaunti mbili za Ukambani nchini Kenya ambazo sensa ya mwaka 2019 ilizihesabia watu 1,136,187 na 987,653, ni mahali panapofaa kuichunguzia tabia hiyo, kwa sababu kwa zaidi ya karne moja wenyeji wake wamekuwa wakitiwa katika mafungu ambayo maisha yao hayayafuati. Sensa hiyohiyo ilimtaka kila mtu ataje dini moja, awe Mkatoliki, Mprotestanti, Mwislamu, mfuasi wa dini ya jadi au asiye na dini, na wala haikuweka nafasi ya mama anayepokea komunyo Jumapili ambaye, mvua ya Novemba ikikawia, hachelei kutoa nafaka au maziwa yapelekwe ithembo. Ithembo ni mahali pa ibada ya jadi ya Akamba, mara nyingi chini ya mti mkubwa wa jamii ya mkuyu usioruhusiwa kukatwa, ambapo wazee huomba mvua na kuwakumbuka aimu, yaani roho za wazazi na mababu waliotangulia. Kwa kuwa miti hiyo haiguswi, mathembo mengi yamebaki vijisitu vya kijani katikati ya mashamba makavu, jambo ambalo hata asiyeamini aimu hulifurahia akitafuta kivuli.

Wamisionari walipofika, hawakukuta watu wasio na dini. Johann Ludwig Krapf alifika Kitui mwaka 1849 akiwa mgeni wa mfanyabiashara mashuhuri Kivoi. Walutheri wa Kijerumani wakafungua vituo Ikutha na Mulango katika miaka ya 1890. Na mwishoni mwa mwaka 1895 Peter Cameron Scott, mwanzilishi wa Africa Inland Mission, akajenga kituo cha kwanza cha misheni hiyo Nzaui, katika Makueni ya leo, kabla ya kufariki mwaka uliofuata. Wote waliwakuta Akamba wakimtaja Muumba mmoja, Mulungu au Ngai, na wakiwa na utaratibu wao wa sadaka na utakaso. Hata hivyo, mafundisho mengi yaliyofuata yaliweka mpaka ulionyooka kama rula: aliyebatizwa aliacha pombe, ngoma na wake wa ziada, na aliyebaki nyuma ya mpaka huo alihesabiwa kuwa wa gizani, pamoja na aimu wake, tambiko lake na waganga wake.

Hapo ndipo tofauti moja muhimu sana ilipopotea. Akamba wenyewe walitenga, na wangali wanatenga, watu wawili wasiofanana hata kidogo: mundu mue, ambaye ni mganga, mpiga bao na mtakasaji anayeitwa mchana mbele ya watu, na muoi, ambaye ni mchawi anayedhaniwa kudhuru kwa siri. Gerhard Lindblom, msomi wa Sweden aliyeishi Ukambani muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia na kuandika kitabu kikubwa kuhusu Akamba, aliieleza tofauti hiyo bila taabu. Lakini mahubiri mengi, na baadaye macho ya maofisa wa serikali, yaliwaona wawili hao kuwa wa kabila moja la washirikina. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 inamtia hatiani anayejidai kuwa mganga mwenye uwezo wa kuwatia watu hofu au madhara, na papo hapo inamtia hatiani anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi bila kupitia kwa wakubwa wanaohusika. Hivyo mwanakijiji anayeogopa kurogwa huona kwamba mlango wa mganga umefungwa, na mlango wa kulalamika umebaki nusu wazi.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba fikra za pande mbili zililetwa na meli. Akamba walikuwa nazo zao, na kali. Aliyekwisha kuitwa muoi hakuwa na njia rahisi ya kujitetea, kwa maana ukimya wake ulihesabiwa kuwa kiburi, machozi yake yakahesabiwa kuwa hila, na kifo chochote kijijini kikawa ushahidi mpya. Mwaka 1932, katika kesi iliyovuma hadi Uingereza, wanaume 70 wa Machakos walishtakiwa kwa kumpiga hadi kumuua mwanamke aliyetuhumiwa kumroga mke wa mmoja wao, na 60 kati yao wakahukumiwa kunyongwa, hukumu ambazo baadaye zilipunguzwa kuwa vifungo. Washtakiwa walijiona kuwa walinzi wa kijiji, mahakama iliwaona kuwa wauaji, nayo magazeti ya Uingereza yakabishana kuhusu sheria na mila. Mwanamke mwenyewe, ambaye hakuna aliyekuwa amethibitisha kosa lake, hakupewa nafasi kubwa katika mabishano hayo. Tuhuma za namna hiyo hazijakwisha, na mara nyingi huwaangukia wazee, hususan wajane wenye shamba ambalo jamaa fulani analitamani.

Kwa nini akili hupenda mafungu mawili? Else Frenkel-Brunswik, mwanasaikolojia aliyeikimbia Vienna mwaka 1938 na kufanya utafiti wake California, alijaribu kulijibu swali hilo kwa kuwaonyesha watu picha ya mbwa iliyobadilika kidogo kidogo, picha baada ya picha, hadi ikawa paka, akiwauliza kila mara wanaona nini. Katika ripoti yake ya mwaka 1949 alieleza kwamba wenye chuki nyingi dhidi ya makundi mengine walielekea kung'ang'ania kwamba ni mbwa hata pale ambapo picha ilikwisha kubadilika sana. Aliita hali hiyo kutovumilia utata, yaani kushindwa kustahimili jambo ambalo halijawa hili wala lile, na akaona kwamba jambo hilo hutokana zaidi na hofu kuliko na ujinga. Maelezo hayo yanasaidia, ijapokuwa picha ya mbwa haimiliki shamba wala haimwombi mtu kura.

Mwana wa Ukambani aliyeupinga kwa kalamu ule mpaka uliowekwa na mafundisho ya misheni ni John Mbiti. Alizaliwa Mulango mwaka 1931, katika eneo la kituo kilekile kilichoanzishwa na Walutheri na kisha kuchukuliwa na Africa Inland Mission, akasoma shule ya Alliance, chuo cha Makerere na Marekani, na mwaka 1963 akapata shahada ya udaktari Cambridge kwa utafiti ulioyaweka mafundisho ya Agano Jipya kuhusu mwisho wa dunia kando ya mawazo ya Akamba kuhusu wakati. Kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, kilichotolewa mwaka 1969, kilidai jambo ambalo leo linaonekana la kawaida lakini wakati ule lilitikisa madhabahu: kwamba dini za jadi si uzushi wa shetani, kwamba zina mpangilio na hekima, na kwamba Mwafrika alimjua Mungu kabla ya kusomewa Biblia. Mwaka uliofuata akatoa kitabu kingine, kilichokusanya mawazo kuhusu Mungu kutoka kwa makabila yapatayo 300. Mbiti hakuuacha Ukristo. Alikuwa kasisi wa Kianglikana, akachunga usharika Uswisi kwa miaka mingi, na uzeeni akalitafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki hadi Kikamba, tafsiri iliyochapishwa mwaka 2014, miaka mitano kabla ya kifo chake.

Yaliyompata yanafundisha zaidi ya nadharia. Okot p'Bitek, mshairi na mwanaanthropolojia wa Uganda, alimshutumu yeye na wenzake kwa kuivisha miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki na ya Kikristo, kana kwamba isingestahili heshima bila mavazi hayo. Byang Kato wa Nigeria, kiongozi wa makanisa ya kiinjili barani, alimshutumu kwa kinyume chake katika kitabu kilichochapishwa Kisumu mwaka 1975, akisema kwamba Mbiti anaufungua mlango wa upagani na kuiyeyusha Injili. Mtu mmoja, maandishi yaleyale, akahukumiwa kuwa Mkristo kupita kiasi na kuwa mpagani kupita kiasi. Hoja za Okot zilikuwa na uzito, kwani kweli Mbiti alikuwa mwepesi wa kuona ufanano na mzito wa kuona tofauti. Lakini ni vigumu kuikwepa fikra kwamba kosa lake kubwa machoni pa wengi lilikuwa kukataa kuhama upande.

Vijijini mambo hayo hayaamuliwi kwa vitabu. Zingatiwe kithitu, kiapo kizito kinachotumiwa hasa katika ugomvi wa ardhi uliokaa mahakamani hadi wenye kesi wakazeeka. Anayeapa hutamka maneno yake mbele ya mashahidi juu ya kifaa chenye dawa za siri, akijiombea mauti kama anasema uongo, na inaaminika kwamba mauti hayo hayatamchukua peke yake bali yatafyeka jamaa zake mmoja baada ya mwingine. Kwa sababu hiyo mtu hawezi kuapa bila ridhaa ya mbai, yaani ukoo. Na ndani ya mbai hiyo wamo shemasi, mwalimu wa Jumapili na kijana asiyeamini lolote. Aliyeokoka akikataa, ndugu zake humwona amewasaliti. Akikubali, mchungaji humtenga. Wako wanaotafuta njia ya kati, wakihudhuria kikao cha ukoo na kutoa mchango wao bila kusogea karibu na kifaa chenyewe, na wazee wenye busara huwaacha.

Mfano mwingine ni iweto, ndoa ambayo kwayo mwanamke asiye na mtoto, au asiye na mtoto wa kiume, humwolea nyumba yake mwanamke mwingine kwa kulipa ngasya, ambayo ndiyo mahari ya Akamba, ili watoto watakaozaliwa waliendeleze jina la nyumba hiyo na kuirithi. Hakuna mapenzi ya kimwili baina ya wanawake hao. Watoto huzaliwa na mwanamume ambaye hana haki juu yao. Mgeni anayesikia habari hii hukimbilia fungu alilolizoea, ama akiilaani kuwa ndoa ya jinsia moja, ama akiisifu kwa sababu hiyohiyo, na wote wawili huwa wameongea juu ya jambo lingine. Sheria nayo imekaa katikati: Katiba ya mwaka 2010 inaeleza haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti, huku ikiutambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua ndoa ya aina hii ya Wanandi katika shauri la urithi. Kuivumilia iweto hakumzuii mtu kuuliza maswali magumu, kwa mfano kama msichana aliyeolewa alikuwa na chaguo lolote zaidi ya umaskini wa kwao. Swali hilo lafaa kuulizwa katika ndoa ya kanisani pia.

Mashariki mwa Kitui, kuanzia Ukasi na Ngomeni hadi Mutha, fikra za pande mbili hazihusu ibada bali mifugo. Wakati wa kiangazi wafugaji wa ngamia, wengi wao Wasomali, huingia kutoka Garissa na Tana River, mazao huliwa, damu humwagika, na kila Msomali huitwa mshambuliaji kama vile kila Mkamba huitwa mchoyo wa malisho, ilhali waliolisha ngamia mazao na waliofyatua risasi ni watu wenye majina.

Uvumilivu una mpaka, na mpaka huo ndio sehemu ngumu ya mjadala wote. Kundi la Kavonokia, lenye wafuasi Tharaka Nithi na sehemu za kaskazini ya Kitui, hukataa dawa za hospitali kwa kutegemea maombi. Baada ya miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyewahimiza kufunga hadi kufa kufukuliwa Shakahola, Kilifi, kuanzia Aprili 2023, kila kanisa dogo lenye desturi zisizozoeleka lilianza kutazamwa kama Shakahola ijayo. Kifungu cha 32 cha Katiba kinampa kila mtu uhuru wa imani na kinakataza kumlazimisha kutenda kinyume cha imani yake, na kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya matibabu. Mfuasi mtu mzima anayekataa kidonge cha malaria kwa ajili ya mwili wake anafanya jambo la kusikitisha lililo ndani ya uhuru wake. Anayemnyima mtoto chanjo ya surua amevuka mpaka, kwa kuwa mtoto hajachagua kitu. Ofisa wa afya anayefika mlangoni hahitaji kuamua kama Mungu wa mwenye nyumba husikia maombi. Inamtosha kuuliza mtoto ana miezi mingapi na kadi yake iko wapi, na akirudi wiki ijayo ampate yuleyule mzazi akimfungulia mlango.